Jua kwa Lita

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kuku.

Alikuwa kuku mwekundu, wa kawaida kabisa, amelala chini ya pampu ya kituo cha mafuta. Alikuwa ametandaza mabawa juu ya mayai yake na kufumba jicho moja, kama mama mwenye nyumba ambaye wapangaji wote wamelipa. Kimya akapunguza mwendo. Kuku hana akili nyingi, lakini anazo za kutosha kumzuia kuatamia mahali panapopita matairi. Kama kuku amehamia pale na ukoo wake, basi magari yalihama siku nyingi.

Hakusema neno. Kusema hakukuwa kazi yake. Alikuwa msichana ambaye akipiga hodi watu hudhani ni upepo umesukuma mlango, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kimya. Naye hakuwahi kupinga, kwa kuwa kupinga nako kunataka sauti.

Lakini mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyekuwa ametangulia na mikono nyuma kama mkaguzi wa barabara, alisikia nyayo za nyuma zimesimama. Akageuka. Akafuata macho ya mpwa wake mpaka kwa kuku, akatoka kwa kuku mpaka kwenye pampu zilizotandwa na utando wa buibui, akatoka kwenye pampu mpaka kwa mzee mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akijipepea kwa kipande cha boksi.

"Mpwa wangu," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu aliyesikia harufu ya nyama inayokaangwa nyumba ya tatu, "macho yako yana baraka. Yule pale amekaa juu ya shimo tupu. Na mtu mwenye shimo tupu lazima auziwe kitu cha kulijaza."

Mjini, Mjomba alijulikana kama Shemeji, kwa sababu yeye alimwita kila mtu shemeji: askari, muuza maji, daktari wa meno. Watu huona haya kumuuliza mtu anayekuita shemeji ni dada yako yupi hasa amemwoa. Na wakati wewe unawapitia dada zako kichwani mmoja mmoja, mkono wake umeshafika mfukoni.

Yule mzee naye alikuwa na jina la mtaani, ila halikutajwa mbele yake. Aliitwa Lita Pungufu, maana pampu zake zilihesabu haraka kuliko zilivyomwaga. Kwa miaka mingi alitajirika kwa ufundi mmoja tu. Akisikia fununu kwamba mafuta yatapanda bei, hutundika kibao cha MAFUTA YAMEKWISHA, analalia matangi yake yaliyojaa, na kesho yake anakitoa kibao na kuweka bei mpya. Kisha serikali ikatangaza kwamba nchi inaachana na mafuta na kuhamia kwenye jua na upepo. Watu wakacheka. Yakaja mabasi yasiyonguruma, wakaacha kucheka wakapanda. Wenye pikipiki wakanunua za umeme. Mashine za kusaga zikafunga paneli, na aliyekuwa akiuza jenereta pale sokoni sasa aliuza magodoro. Lita Pungufu akabaki na matangi mawili chini ya ardhi, moja likiwa kavu kabisa na la pili likiwa na mafuta yasiyo na mteja.

"Shemeji!" Mjomba alimwita kutoka mbali. "Mbona umekaa kama mfiwa?"

"Heri mfiwa," Lita Pungufu akajibu. "Mfiwa huletewa chakula."

"Gari la mwisho limeingia lini hapa?"

"Juzi. Liliingia kugeuza tu."

"Pole sana, shemeji. Na wewe ulivyokuwa bingwa wa kuficha!"

Mzee akaangalia huku na huku. "Kuficha nini?"

"Tunajuana, shemeji. Si dhambi. Mwenye kipaji hafichi kipaji, huficha mafuta."

Lita Pungufu akazionyesha pampu zake kwa kile kipande cha boksi. "Sasa nitaficha nini? Nani atakitafuta?" Na hiyo ilikuwa huzuni ya kweli, tusimcheke. Wapo wanaolia kwa kukosa fedha. Yeye alilia kwa kukosa cha kuficha.

Mjomba akachuchumaa, akamwekea mkono gotini. "Ficha jua," akasema.

"Nifiche nini?"

"Jua."

"Jua liko kila mahali. Bure!"

"Leo! Leo ni kiangazi, kila mtu analo, hata mbwa analalia jua. Na mvua zikianza je? Mawingu yamekaa wiki nzima, paneli za nchi nzima zimesinzia, mabasi yamesimama, mashine za kusaga zimenyamaza. Nani ana jua? Wewe. Liko wapi? Chini ya miguu yako. Kibao chako kinasema nini?"

Lita Pungufu akalamba midomo. "Jua limekwisha."

"Na kesho yake?"

"Bei mpya," mzee akanong'ona, kama mtu anayetaja jina la mchumba wake wa kwanza.

Kisha akashtuka. "Lakini ngoja. Jua ni mwanga. Linaingiaje kwenye tangi?"

Kimya, aliyesimama nyuma yao bila mzee kumtazama hata mara moja, alidhani mambo yameishia hapo. Swali lilikuwa la maana. Lakini Mjomba alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mwalimu aliyeulizwa jambo la darasa la kwanza.

"Shemeji, mafuta yalitoka wapi? Si yalikuwa miti na majani ya kale yaliyokula jua, yakazikwa, yakageuka maji? Kwa hiyo umri wako wote umekuwa ukiuza jua. Ila la kiporo! Nami nasema, uuze la leo. Wataalamu wameshajua kulikamua. Mhandisi mwenyewe yuko mjini, ametoka nje ya nchi. Kesho namleta."

Mhandisi wa nje ya nchi aliambiwa habari hiyo wakiwa njiani kurudi nyumbani.

"Usinitazame hivyo, mpwa wangu. Kazi yako ni kunyamaza tu. Kuna mtu anayelijua hilo kuliko wewe? Halafu naazima ile paneli yako. Naazima tu."

Hivyo hivyo ndivyo alivyosema alipochukua pasi ya mama ya kunyooshea nguo, na pasi haijarudi mpaka leo. Paneli ile ilikuwa pana kama meza ndogo, na aliinunua kwa kusuka nywele. Akili ni nywele, watu husema, kila mtu ana zake. Yeye alizisuka za mtaa mzima, mpaka usingizini vidole vyake vikawa vinasuka hewa. Tangu aipate, alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kuchaji simu dirishani kwa mama yake, na fedha ya sabuni na unga ilitoka pale. Zaidi ya hayo, kazi ile ilimfaa. Watu waliacha simu, wakachukua simu, na simu haimuulizi mtu mbona huongei.

Alitaka kusema hapana. Neno lilipanda mpaka kooni, likakuta mlango umefungwa, likarudi. Watu husema mpwa hula kwa mjomba. Kwa mjomba huyu mambo yalikuwa yamegeuzwa ndani nje kama soksi.

Kesho yake Kimya alifika kituoni akiwa amevaa koti jeupe lililoazimwa kwa muuza nyama na miwani nyeusi iliyoazimwa kwa mtu ambaye hakujua kwamba ameazima. Mjomba alibeba chupa kubwa ya kioo yenye maji aliyoyatia rangi ya njano ya kupambia keki. Akaiweka mezani ofisini, akaifunika kwa paneli ya Kimya, uso chini, mgongo juu. Waya mbili zilitoka ndani ya chupa kwenda kwenye taa. Waya nyingine mbili, ambazo hazikutajwa, zilishuka nyuma ya meza kwenda kwenye kapu, ambamo betri ya Kimya ililala chini ya kanga kama mtoto mchanga.

"Hili hapa," Mjomba akasema. "Jua la jana saa sita mchana."

Taa ikawaka.

Lita Pungufu akainuka kitini bila kujijua. "Na hiki cheusi juu yake ni nini?"

"Hicho? Hicho ni kifuniko tu, lisije likapaa. Usikijali."

Nyuma ya miwani, Kimya alifumba macho. Katika chumba kile kulikuwa na kitu kimoja tu kinachojua kweli kukamata jua, na hicho ndicho kilichoitwa kifuniko.

Lita Pungufu aliizunguka meza. Aliinusa chupa. Akainama kwa Mhandisi, akamuuliza kwa heshima na kwa sauti kubwa sana, kama watu wanavyowasemesha wageni wakidhani ugeni ni uziwi: "Habari za huko kwenu?" Mhandisi akainamisha kichwa. Mzee akaridhika, maana mtu asiyejisifu lazima amesoma.

Kisha akamvuta Mjomba pembeni. "Shemeji, nina swali moja. La kitaalamu."

"Uliza."

"Hili jua..." Akaangalia mlangoni. "Linachanganyika na maji?"

Mjomba aliitazama chupa ya maji ya njano, akamtazama mzee.

"Shemeji," akasema hatimaye, "linachanganyika vizuri ajabu. Huwezi kujua lipi ni lipi."

"Basi nanunua," akasema Lita Pungufu.

Fedha taslimu hakuwa nayo, na hilo alilisema bila haya, maana mfanyabiashara mkubwa ndivyo alivyo. Alikuwa na mafuta kwenye lile tangi la pili. Lori lilete jua, lirudi na mafuta. Mjomba alikubali haraka mpaka akajiuma ulimi. Huko milimani walikuwepo wapasua mawe ambao bado walitumia mashine za zamani, nao wangenunua kila tone.

"Ila na kifuniko kibaki," mzee akaongeza. "Sitaki jua langu lipae."

"Chukua, shemeji! Hicho ni cha zawadi."

Kimya akamvuta Mjomba mkono wa shati. Akamvuta tena, kwa nguvu.

"Mhandisi anasema," Mjomba akatafsiri akitabasamu, "kwamba na yeye amefurahi sana."

Lori la maji lilikuja mchana jua likiwa kichwani, kwa kuwa jua la kukamuliwa, Mjomba alieleza, husafirishwa likiwa bado na hamu. Dereva wake alikuwa mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Alikuwa amekodiwa kwa ahadi tu, tena alishaanza kuijutia. Maji ya njano yakamwagwa kwenye tangi kavu. Yalikuwa ya moto, kwani lori lilishinda limeegeshwa pasipo kivuli. Lita Pungufu alichovya fimbo yake ya kupimia, akagusa ncha kwa kidole, akaguna kwa furaha.

"Lina joto lake kabisa!"

"La leo asubuhi hilo, shemeji. Bado halijapoa."

Kisha lori likanyonya mafuta kutoka tangi la pili mpaka likajaa. Paneli ikalazwa kifudifudi juu ya mdomo wa tangi la jua, ikafungwa kwa mnyororo na kufuli. Mjomba akapanda mbele, kando ya dereva.

"Mhandisi atabaki kidogo," akasema akichungulia dirishani. "Jua likimwagwa linataka mtu wa kulituliza. Nakuja sasa hivi, shemeji." Akamkonyeza mpwa wake, kukonyeza kule kwa mtu ambaye hatarudi leo wala kesho.

"Hata lori langu lina kiu," Kimya alimsikia dereva akinung'unika alipokuwa akimimina kidumu cha mafuta yale kwenye tangi la lori lake. Kisha wakaondoka.

Wakabaki wawili. Lita Pungufu alilitazama tangi lake kama bwana harusi. Akaona wezi kila upande. Akakiburuta kile kiti cha plastiki, akakipandisha miguu yote minne juu ya paneli, akashika suruali magotini na kuanza kujishusha. Alikusudia kuketi hapo hapo, na uzito wake wote, mpaka mvua zianze.

Kimya aliuona mgongo ule mpana ukishuka. Aliona kioo chini yake, nywele zote alizozisuka, simu zilizokuwa zikimngoja dirishani. Angepiga kelele kama angekuwa mtu wa kupiga kelele. Badala yake aliinua kidole kimoja.

Mzee akasita, makalio yakiwa hewani.

Kimya akapiga magoti, akaweka sikio kwenye ukingo wa paneli. Akasikiliza. Akavua miwani. Akasikiliza tena. Kisha akasimama polepole sana, akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akavua viatu akavishika mkononi, akakimbia akajificha nyuma ya ukuta wa choo na kuziba masikio.

"Mhandisi?" sauti ya Lita Pungufu ilikuwa imekuwa nyembamba. "Mhandisi, kuna nini?"

Kimya alichungulia. Akaonyesha tangi. Akaonyesha jua la angani. Akajaza mashavu hewa mpaka yakawa kama maandazi mawili, kisha akaachia: pfuuu! Na mikono akaitawanya.

"Litapasuka?"

Kimya akainamisha kichwa, kama daktari aliyefanya kila aliloweza.

"Ni kifuniko? Kimewekwa vibaya? Kiondoke?"

Kimya akatazama kifundo cha mkono wake, ambako hakukuwa na saa, na kukunja uso.

Hakuna aliyewahi kumwona Lita Pungufu akikimbia, na kuku alishtuka kuliko wote. Kiti kiliruka. Kufuli likafunguliwa mbio mbio. Mzee aliikokota paneli kwa ncha za vidole mpaka pale ukutani, akigeuza uso pembeni, akaifunga kwa kanga mgongoni kwa Kimya, akamtundikia na kapu lake begani.

"Kipeleke mbali! Mbali, mama yangu! Nakuomba!" Naye akalala kifudifudi nyuma ya pampu, karibu na kuku, ambaye alimdonoa.

Kimya alikuwa ameshafika ukingoni mwa barabara aliposikia lori likikohoa. Lilikuwa halijaenda mbali. Lilikohoa mara kadhaa, likatoa mlio kama wa mtu anayesukutua koo, likazimika pale kwenye makutano. Mlango ukafunguka. Mjomba akaja mbio, shati limetoka nje, na dereva nyuma yake akija kwa hatua ndefu.

"Ni maji!" Mjomba akapiga kelele kabla hajafika. "Mafuta yako ni maji matupu!"

"Usipige kelele!" Lita Pungufu akajibu kutoka chini. "Utalipasua jua!"

"Jua gani? Hayo nayo si maji tu, nimeyachota mwenyewe kwenye..."

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini maneno ni kama maji yale yale, yakishamwagika hayazoleki.

Mzee akainua kichwa taratibu. Walitazamana.

"Kumbe," dereva akasema, "mmebadilishana maji kwa maji. Na aliyeyanywa ni lori langu. Nani ananilipa?"

Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole.

Kwa haki, hapo ndipo wangekunjana. Lakini wajanja wawili wakigundua kwamba wamezidiana sawasawa, huingiwa na kitu kinachokaribia mapenzi.

"Umenichanganyia tangu lini?" Mjomba akauliza.

"Zamani," Lita Pungufu akakiri, akijifuta vumbi. "Nilianza na kikombe kimoja kwa pipa. Unajua kikombe kilivyo, shemeji. Hakikai peke yake. Na yale ya njano?"

"Rangi ya keki."

"Maridadi sana. Mimi nilikuwa nimeshayapenda."

"Shemeji, tusigombane. Vituo viko vingi, na kila kimoja kina mzee kwenye kiti cha plastiki. Wewe utasema umenunua na umetajirika. Mimi nitaeleza. Tunachohitaji ni Mhandisi na kifuniko."

"Na huyu Mhandisi ni wa nchi gani hasa?"

"Wa kwa dada yangu," akasema Mjomba. "Mtoto mzuri sana. Hata umkanyage haongei." Akamgeukia Kimya, akanyoosha mikono yote miwili, akatabasamu lile tabasamu lililowahi kuuza mwavuli kwa mtu aliye ndani ya nyumba. "Lete, mpwa wangu. Umekiokoa vizuri. Naazima tu."

Kimya hakusogea. Kanga ilikuwa imembana kifuani, paneli ilikuwa na joto mgongoni. Nyumbani simu zilikuwa zimepangwa dirishani, na mama alikuwa akiwaambia watu wavumilie, kama alivyowaambia kila safari kaka yake alipochukua kitu. Neno likapanda mpaka kooni. Likakuta mlango umefungwa. Safari hii halikurudi. Liligonga, likagonga tena, na mlango ukafunguka kwa mkwaruzo mkubwa mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Hapana," akasema.

Lita Pungufu akarudi nyuma hatua moja. Dereva akaacha kuuliza habari ya malipo yake. Mjomba alibaki na mikono imenyooka, tabasamu limesahauliwa usoni kama nguo kwenye kamba.

"Ulisemaje, mpwa wangu?"

Sauti ilikuwa ndogo, lakini barabara ilikuwa tupu, magari ya siku hizi hayangurumi, na kila mtu aliisikia vizuri.

"Mjomba, wewe huazimi. Unaiba. Na pasi ya mama pia uliiba."